Asiyelia na Asiyeliliwa: Neno Moja na Historia ya Waturkana

Miongoni mwa maneno adimu ya Kiingereza limo "illachrymable", lililotoholewa kutoka Kilatini "illacrimabilis". Lilifafanuliwa kuwa ni sifa ya mtu asiyeweza kulia, lakini midomoni mwa watu halikupata kukaa. Asili yake ina uzito zaidi. Horace, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alilitumia kwa maana mbili: kwa Pluto, mungu wa kuzimu asiyejua chozi, na kwa mashujaa wa kale waliokufa bila ya kuliliwa, kwa kuwa hawakupata mshairi wa kuwataja.

Kiswahili hutenga maana hizo kwa mnyambuliko tu: lia, lilia, liliwa. Ugumu uko kwingine. Anayetaka kumsifu asiyetoa chozi, akasema kwamba ana macho makavu, huwa amemtukana, maana mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya. "Roho ngumu" nayo huelekea ukatili. Ni shida kulitaja jicho lisilolia bila ya kulihukumu.

Hukumu ya namna hiyo imewaandama watu wa pande za Turkana na jirani zao. Mwaka 1972 Colin Turnbull alichapisha kitabu, The Mountain People, juu ya Waik, wanaoishi upande wa Uganda kwenye milima inayotazama nchi ya Turkana, magharibi ya Kakuma. Aliwaeleza kuwa watu waliokwisha kupoteza mapenzi na huruma. Mwaka 1985 mwanaisimu Bernd Heine alimjibu: Turnbull hakuijua vyema lugha ya Waik, na baadhi ya watu aliowategemea walikuwa Wadiding'a. Zaidi ya hayo, aliwakuta wenyeji wake katika njaa kali. Ni vigumu kuamini hukumu juu ya mioyo ya watu inayotoka kwa mtu asiyeisikia vyema lugha yao.

Waturkana, kwa upande wao, waliandikwa pia na watu waliokuja kuwapiga. Katika msafara wa kijeshi wa Labur wa mwaka 1918, askari wa King's African Rifles pamoja na majeshi kutoka Sudan waliua watu na kuteka mifugo kwa maelfu. Baadaye wilaya ikafungwa, mgeni asiingie bila ya kibali. Lodwar, makao makuu yake, ikawa mahali pa kuwatenga wanasiasa. Jomo Kenyatta aliwekwa hapo tangu 1959 hadi 1961. Historia ya vita hivyo iliyoegemea masimulizi ya wazee, yaani The Scattering Time cha John Lamphear, ilitoka mwaka 1992, miaka 74 baada ya Labur.

Lakini kumbukumbu ilikuwapo siku zote. Waturkana huipa miaka majina. Njaa ya 1960 hadi 1961 ni Namotor, wakati wa mifupa kuonekana. Lopiar, ya mwaka 1979 hadi 1981, ni kufagia: ukame, maradhi ya mifugo, na uvamizi uliozidi baada ya ghala la silaha la Moroto kuporwa mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka. Mzee anayesema kwamba mwanawe alizaliwa Lopiar amekwisha kuwataja na waliokufa. Asiyejua jina hilo husikia umri tu, kisha huandika kwamba mzee hakulia.

Kiswahili chenyewe kimetumiwa kuwafuta watu hawa. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, kwa ajili hasa ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan, waandishi wa Ulaya na Marekani walishika kurudia kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya pasipo mahali. Kiswahili hakina neno hilo. Ni jina la mji wa Waturkana, kando ya mto Tarach, na lilikuwapo kabla ya hema la kwanza kusimikwa.