Majira ya Nukta

Majira ya nukta ni jozi ya namba inayotaja mahali pamoja tu juu ya uso wa dunia. Latitudo huonyesha pako umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta; longitudo, mashariki au magharibi mwa Greenwich. Nchini Tanzania istilahi hii imezoeleka katika hisabati, nayo ilichaguliwa vizuri: mbali na maana ya wakati, majira kwa mabaharia wa pwani ni njia ya chombo baharini. Baadhi ya programu za simu huandika "kuratibu", kitenzi cha kupanga shughuli, na mtoto akikisoma kwenye kioo hajui anaambiwa nini.

Njia nyepesi ya kufundisha majira ya nukta ni kutoka nje. Kwanza watoto huupima uwanja au kichaka kwa hatua na dira, wakachora ramani kwa penseli. Simu huja baadaye, kwa sababu anayeanza nayo huona nukta ikitembea yenyewe wala hajiulizi imepatikanaje. Kisha kila kundi husimama chini ya mti na kunakili namba. Kusoma namba hakuhitaji bando: simu hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, zilizo kwenye kimo cha takribani kilomita 20,200, na kwa setilaiti zisizopungua nne hukokotoa mahali ilipo.

Mchezo unaofaa ni wa kuficha kopo: kundi moja hulificha, jingine hupewa namba tu. Mchezo huu ulianzia Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kosa liliweza kufika mita 100, na kopo lisingepatikana.

Kinachowakwaza wengi ni mpangilio. Hisabati hutanguliza mhimili wa mlalo. Ramani za simu hutanguliza latitudo, yaani umbali wa wima. Mwembe wa Dar es Salaam ulio kwenye -6.80, 39.28 ukiandikwa kinyume huota Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Mpangilio ukiwa sahihi lakini alama ya kutoa ikasahauliwa, mwembe huohuo huvuka ikweta hadi jirani na milima ya Bale, Ethiopia.

Tarakimu za desimali nazo zina mipaka yake. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, hivyo tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita moja. Simu ya kawaida mahali peupe hukosea kwa mita 5 hivi, na chini ya majani mazito au kando ya ukuta mrefu hukosea zaidi. Tarakimu ya saba, hata programu ikiionyesha, ni pambo. Watoto huligundua hilo wakisoma namba mara kadhaa bila kusogea, kila mara wakapata jozi tofauti kidogo.

Nukta zilizokusanywa huweza kuingizwa kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mti hubaki nukta, kijia huwa mstari, na bwawa huwa poligoni, yaani nukta zinazofuatana hadi kurudi pa kwanza. Kila umbo huambatishwa maelezo, kama vile aina ya mti. Viota vya ndege adimu na majina ya watoto hayaandikwi, kwa kuwa ramani hiyo husomwa na yeyote.