Gari la Marehemu Ami

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Unguja, Muscat na Ulaya, wengi mmeuliza kwa nini Land Rover la marehemu Ami, la mwaka 1964, halikutiwa injini ya Kijapani kama walivyotaka vijana wetu wa Dima wa Tayyin.

Gari hilo ni mtoto wa zama zisizo na barabara. Kabla ya mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na kilomita 10 hivi tu za lami. Kwetu njia ilikuwa mawe ya wadi, na gia fupi ndizo zilizotufikisha. Ndilo lililonipokea nilipohamia kutoka Unguja mwaka 1984. Lakini juu ya lami gia zile zikageuka adha: injini hunguruma hata watu wasisikilizane.

Injini ya kigeni ingetaka chesisi ikatwe. Hilo sikuliridhia. Tukafunga ovadraivu ya Fairey, iliyoundwa Uingereza katika miaka ya 1970. Hukaa nyuma ya giaboksi, mahali palipokusudiwa kuendeshea mashine za shamba. Shafti haziguswi, na siku yoyote yaweza kufunguliwa. Kwa mwendo uliohitaji mizunguko 3,000 kwa dakika, sasa yatosha 2,350 hivi. Nguvu haiongezi, hapo vijana wana haki. Penye mlima huondolewa.

Oili yake ni mbali na ya giaboksi, tena ni kidogo. Atakayeliendesha siku ya mkutano aipime kabla ya kuondoka.