Kubadilisha au Kubaki na ya Zamani: Historia ya Mashine za Gemu za Mkononi Ikitazamwa kutoka Kafutuma

Kila baada ya miaka michache kampuni za gemu hutoa mashine mpya ya mkononi, na kila mwenye ya zamani hujikuta na swali lile lile: anabadilisha au anabaki nayo? Mwaka huu swali hilo limenifikia mimi. Ninayo Nintendo Switch ya toleo la mwaka 2019, niliyoinunua ya mtumba, na tarehe 5 Juni 2025 Nintendo ilianza kuuza Switch 2 kwa dola 449.99 za Marekani. Akiba yangu inakaribia bei hiyo. Wenzangu wa bwenini wanasema ninunue. Mdogo wangu aliyeko nyumbani Kafutuma naye anasema ninunue, na sababu yake inaeleweka: ile ya zamani itakuwa yake.

Insha hii inalijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba thamani ya toleo jipya haipimwi kwa uzuri wa picha zake, bali kwa kile ambacho mashine inamdai mwenye nayo ili iendelee kufanya kazi: betri, umeme, intaneti na fedha. Toleo linalopunguza madai hayo ni maendeleo hata likionekana duni. Linaloyaongeza linaweza kuwa maendeleo kwa mtu wa Tokyo na likawa hasara kwa mtu wa Kafutuma.

Ni vyema nieleze kwanza Kafutuma ni mahali gani. Ni kwetu, wilayani Nchelenge, mkoa wa Luapula, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru upande wa Zambia. Ng'ambo ni Kongo, na Kiswahili cha wafanyabiashara wanaotoka Kilwa na Pweto nilikisikia kabla sijakisoma darasani. Nyumbani tunasema Kibemba. Maisha yetu yanategemea samaki. Mama yangu huuza chisense, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaane, na fedha huadimika. Ziwa linapofunguliwa mwezi Machi kila muuzaji hutafuta mtaji wa kuanzia. Akiba niliyonayo ni kubwa kuliko mtaji huo wa mama. Kwa hiyo swali la mashine ya gemu, ambalo kwa wengine ni la starehe tu, kwangu lina uzito wake.

Watu wa nchi yetu walikwisha kulijibu swali la namna hii kabla gemu hazijakuwapo. Mwaka 1949, wakati Zambia ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, ilianza kuuzwa redio ndogo iliyopewa jina la Saucepan Special, kwa kuwa umbo lake lilikuwa la sufuria ya alumini. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya serikali ya kikoloni, alitafuta kwa muda kampuni iliyokuwa tayari kutengeneza redio ambayo Mwafrika asiye na umeme angeweza kuinunua. Kampuni ya Ever Ready, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa betri, ndiyo iliyokubali. Redio iliuzwa pauni 5, na betri yake kavu, iliyonunuliwa kando kwa zaidi ya pauni 1, ilidumu saa zipatazo 300. Kwa mshahara wa kibarua wa wakati ule hiyo ilikuwa fedha nyingi, lakini watu waliinunua kwa maelfu, kwa sababu kutoka Lusaka walisikia matangazo kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga na Kilozi.

Baada ya miaka michache zikaja redio za transista. Mwenye Saucepan Special alikuwa na haki ya kusita, kwani redio yake ilikuwa bado inaongea. Hata hivyo redio za transista zilishinda kabisa, na sababu yake inatufaa katika mjadala huu. Transista ilitumia umeme kidogo sana kuliko valvu za zamani, hivyo redio mpya iliendeshwa kwa betri za tochi zilizopatikana katika duka la kijijini, tena ilikuwa nyepesi kubeba. Toleo jipya lilimdai mwenye nalo vichache zaidi. Hapo kubadilisha kulikuwa na maana hata kwa mtu maskini, na pengine kwake kuliko kwa tajiri.

Historia ya mashine za gemu za mkononi inaonyesha kanuni hiyo hiyo ikifanya kazi, kisha ikianza kuvunjwa. Mwaka 1979 kampuni ya Milton Bradley ya Marekani ilitoa Microvision, mashine ya kwanza ya mkononi iliyoweza kubadilishwa kaseti za gemu. Mwaka uliofuata Nintendo ilianza kuuza Game & Watch, vifaa vidogo vya gemu moja moja vilivyobuniwa na Gunpei Yokoi. Mwaka 1989 kikosi cha Yokoi kikatoa Game Boy. Skrini yake haikuwa na rangi wala mwanga, na vipuri vyake vilikuwa vya kawaida na vya bei nafuu. Mwaka huo huo Atari ilitoa Lynx yenye rangi na mwanga, na mwaka 1990 Sega ikatoa Game Gear, nayo yenye rangi na mwanga.

Kwa macho, Game Boy ilikuwa imeshindwa kabla ya mchezo kuanza. Lakini hesabu ya betri ilisema jingine. Game Boy ilitumia betri ndogo nne, zile tunazoweka katika saa ya ukutani, na ilicheza kwa zaidi ya saa 10. Game Gear ilitumia betri sita za aina hiyo hiyo na kuzimaliza kwa saa tatu hadi tano. Tukichukua saa nne kuwa wastani, mwenye Game Gear alihitaji betri 18 ili acheze saa 12. Game Boy pamoja na Game Boy Color iliyoifuata ziliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani, na Game Gear takriban milioni 10. Bei yake ndogo na gemu zake nzuri, Tetris ikiwamo, zilichangia sana ushindi huo, lakini betri nazo zilikuwa na sehemu yao kubwa.

Matoleo yaliyofuata yaliendelea kupunguza madai. Game Boy Pocket ya mwaka 1996 ilitumia betri mbili badala ya nne. Game Boy Color ya mwaka 1998 ilileta rangi kwa betri mbili tu, na ilikubali kaseti za zamani. Game Boy Advance ya mwaka 2001 nayo ilizikubali. Mtu aliyebadilisha mashine mara tatu katika miaka hiyo hakulazimika kutupa hata kaseti moja.

Mwaka 2003 jambo lilibadilika. Game Boy Advance SP ilikuja na mwanga na betri ya ndani ya kuchaji. Mwenye umeme ukutani aliokoa fedha za betri kila mwezi. Asiye na umeme alijikuta na kifaa kisichokubali betri ya dukani. Silaumu hatua hii moja kwa moja, maana leo imegeuka kuwa faida hata kwetu: paneli ndogo ya sola iliyo juu ya paa la nyumba yetu inachaji simu, taa na Switch, na hatununui betri kavu kama zamani. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba na umeme wa gridi kukatwa kwa saa nyingi kila siku sehemu kubwa ya Zambia, wenye paneli ndio waliokuwa na mwanga. Hivyo hatua inayoonekana kuwa dai jipya inaweza kugeuka nafuu mazingira yakibadilika. Mwanahistoria hana budi kulitambua hilo kabla ya kuhukumu.

Badiliko la pili lilihusu gemu zenyewe, nalo naona ni zito zaidi. Mwaka 2009 Sony ilitoa PSP Go, ambayo haikuwa na mahali pa kuweka diski ndogo zilizotumiwa na PSP za awali; kila gemu ilipaswa kupakuliwa. Aliyekuwa na diski zake nyingi hakuweza kuzitumia humo, na soko liliipokea kwa ubaridi. Lakini wazo lilibaki. Nintendo 3DS, iliyotoka mwaka 2011, ilikuwa na kaseti pamoja na duka la mtandaoni. Tarehe 27 Machi 2023 duka hilo lilifungwa kwa ununuzi. Kaseti za 3DS bado zinauzwa mitumbani na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono, ilhali gemu zilizouzwa mtandaoni tu haziwezi tena kununuliwa kwa njia hiyo.

Switch 2 imesogea hatua moja mbele. Baadhi ya gemu zake huuzwa katika kaseti isiyo na gemu ndani, ila ufunguo tu. Mnunuzi huiingiza, kisha hupakua gemu yote kwa intaneti, na baadaye kaseti lazima iwemo kila anapocheza. Mjini penye intaneti isiyokatika hilo si tatizo kubwa. Kafutuma, ambako tunanunua bando la simu na kulihesabu, gemu moja kubwa inaweza kumeza bando la miezi mingi.

Betri nayo nimeilinganisha. Kwa maelezo ya Nintendo yenyewe, Switch ya toleo la 2019 hucheza kati ya saa 4.5 na 9 kwa chaji moja, kulingana na gemu. Switch 2 hucheza kati ya saa 2 na 6.5. Mashine mpya ina nguvu zaidi na skrini kubwa zaidi, na nguvu hiyo lazima ilipiwe. Kwetu inalipiwa kwa jua, na jua la Januari, wakati wa masika, ni haba. Januari ndiyo pia miezi ya ziwa kufungwa, watoto wanapokaa ndani na kuhitaji mchezo zaidi.

Kuna hoja mbili zinazopinga msimamo wangu, na zote zina nguvu. Ya kwanza ni ya mdogo wangu. Nikinunua mpya, yeye atapata ya zamani, na kwa kuwa Switch 2 inakubali gemu nyingi za Switch ya kwanza, kaseti zetu zitatumika pande zote mbili. Ni kweli. Lakini kaseti moja haiwezi kuwa Lusaka na Kafutuma kwa wakati mmoja, na gemu nilizopakua zimefungwa kwenye akaunti yangu. Kitakachobaki kuwa chake bila kuniomba ruhusa ni kaseti anazozishika mkononi. Akikabidhiwa mashine bila hizo, atakuwa amekabidhiwa sanduku.

Hoja ya pili ni ya wenzangu: kwamba simu imekwisha kuchukua nafasi ya mashine hizi, hivyo anayenunua anunue iliyo bora kabisa au asinunue. Nakubali kwamba watoto wengi wa Nchelenge wanacheza kwenye simu za wazazi wao. Lakini simu ya mzazi ni duka lake, benki yake na mawasiliano yake, na mtoto akimaliza chaji, mama hapokei wateja. Mashine inayojitegemea, yenye kaseti zake, inaiacha simu ifanye kazi yake.

Nikiangalia nyuma naona pia desturi moja inayoshauri subira. Game Boy Advance ya mwaka 2001 ilifuatiwa na SP mwaka 2003. Nintendo DS ya mwaka 2004 ilifuatiwa na DS Lite mwaka 2006. Switch ya mwaka 2017 ilifuatiwa mwaka 2019 na toleo lenye betri ya kudumu zaidi, ndilo ninalolimiliki. Mara nyingi wanaonunua mwanzo ndio wanaolipia mapungufu ambayo toleo la pili huyarekebisha. Waliokimbilia 3DS mwaka 2011 kwa dola 250 waliiona ikishuka hadi dola 170 kabla ya miezi sita kuisha.

Kwa kuhitimisha, mimi nimeamua kubaki na Switch ya zamani. Sehemu ya akiba nitampa mama mwezi Machi, si kama zawadi bali kama mkopo wa mtaji, naye amekwisha kusema atanirejeshea kwa masharti yake, si yangu. Sehemu ndogo itanunua kaseti mbili za mtumba na kubadilisha betri ya mashine, ambayo nayo itakwenda Kafutuma likizo ijayo na kubaki huko. Siwaambii wasomaji wote wafanye hivyo. Anayeishi penye umeme na intaneti ya uhakika anaweza kuifuata historia hii hii na kufikia uamuzi tofauti, na akawa sahihi. Ninachopendekeza ni kwamba, kabla ya kutazama picha za tangazo, mtu ajiulize maswali matatu: mashine hii mpya itanidai nini kila mwezi ambacho ya zamani hainidai? Nilivyo navyo vitatumika ndani yake? Na siku nikitaka kumpa mtu mwingine, nitakuwa na nini cha kumkabidhi? Mwenye Saucepan Special aliyeihama na kuchukua transista angeyajibu yote matatu bila kusita. Mimi, kwa Switch 2, bado sijaweza.