Mikorosho Mama: Habari za Utunzaji wa Aina Zetu



Tunapoadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa tukumbuke kazi isiyoonekana katika daftari za mizani, nayo ni utunzaji wa aina za mikorosho.

Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno waliuleta pwani yetu katika karne ya 16. Nachingwea yetu ilipata sifa mwaka 1947 kwa Mpango wa Karanga, ulioachwa mwaka 1951. Karanga zilishindwa, lakini utafiti wa kilimo ulibaki. Katika miaka ya 1960 P. J. Northwood alichunguza hapa maua ya mkorosho, na jinsi ya kuotesha mizizi kwenye tawi lingali mtini. Baadaye kazi kuu ya utafiti ilihamia Naliendele, Mtwara.

Kwa nini tawi, wala si mbegu? Wadudu huchanganya chavua za miti mingi, hivyo korosho ikipandwa huenda mche usifanane na mama yake. Mti bora hudumu kwa tawi au kikonyo chake tu, na kwa hiyo aina hutunzwa zikiwa hai shambani. Ndivyo ilivyo hata kwa minazi ya wenzetu wa pwani, maana nazi haiwezi kukaushwa, ikawekwa ghalani miaka mingi, kisha ikaota.

Thamani ya hazina hiyo tuliijua kwa uchungu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei duni, watu kuhamishiwa vijijini na ugonjwa wa ubwiriunga viliua mashamba. Watafiti wa Naliendele waliteua miti iliyozaa vizuri, na mwaka 1996 aina 16 zikaidhinishwa. Ndipo miche ya kubebesha ikatufikia.

Lakini twakiri kosa letu. Sisi viongozi tumehimiza miche mipya bila kuuliza habari za mikorosho ya wazee inayokatwa. Tukibaki na aina chache, ukaja ugonjwa mwingine, vikonyo tutavitoa wapi?

Basi, Ndugu Mwanachama wa Nachingwea na Ruangwa, ukiwa na mkorosho mkongwe uliozaa wakati mingine imenyauka, usitangulize shoka. Mwite kwanza bwana shamba auone, vikonyo vyake vichukuliwe. Nasi ofisini tutaliandika jina la shamba lako.