Nyangumi Hawangoji Likizo

Kila Julai simu yangu hujaa nyumbu. Marafiki wa Nairobi wamechanga pesa, wamekodi gari, wako Maasai Mara wakingoja wanyama wavuke mto. Kuna wanaokaa siku tatu wasione hata kwato. Mimi niko zangu Ramisi, chuo nilishakiacha, nacheka kidogo. Miezi hiyo hiyo, Julai hadi Oktoba, kuna msafara mwingine unapita nje ya Shimoni na Wasini, na wengi wetu tuliozaliwa kando ya mto Ramisi hatujawahi kuuona.

Ni nyangumi wa nundu. Hula na kunenepa kwenye bahari ya barafu ya Antaktika, kisha huja maji ya joto kupandana na kuzaa. Mmoja anaweza kufika tani 30.

Marehemu babu yangu hakupima mwaka kwa kalenda ya ukutani. Alikuwa na pepo mbili, kaskazi na kusi. Nyangumi, alisema, ni wageni wa kusi. Shida ni kwamba kusi ikivuma sana bahari huchafuka, na mwenye mtumbwi mdogo hukaa pwani akishona nyavu. Mgeni anafika wakati mwenyeji hatoki.

Lakini hiyo ni nusu tu ya sababu. Babake ndiye aliyemsimulia habari za nyangumi. Yeye mwenyewe alikaa miaka mingi bila kuona hata mmoja, akadhani ni hadithi za wazee.

Hazikuwa hadithi. Al-Masudi, aliyefika pwani ya Zanj mwaka 916, aliandika kuhusu ambari ya bahari hii, na ambari hutoka tumboni mwa nyangumi wa aina nyingine. Karne ya 19, meli za Marekani zilizowinda nyangumi zilikuwa zikitia nanga Zanzibar na Komoro. Halafu mwaka 1908 uwindaji wa kisasa ukaanza Durban, kwa meli za injini na mizinga ya kurusha chusa. Nyangumi wengi wa nundu wanaopanda kuja huku hupita hapo. Miaka michache tu, wakawa adimu.

Kuwawinda nyangumi wa nundu kusini mwa dunia kulipigwa marufuku mwaka 1963, ingawa meli za Kisovieti ziliendelea kwa siri miaka kadhaa. Durban iliacha kabisa mwaka 1975. Mwaka 1988 kiwanda cha sukari cha Ramisi nacho kikafungwa. Babu, aliyekuwa akikata miwa, akarudi baharini. Ni uzeeni, siku moja ya kusi, alipoona mgongo mweusi ukichomoza na pumzi ikiruka juu kama moshi. Alirudi nyumbani akasema babake hakuwa mwongo.

Kwa hiyo ukitaka kuja, njoo Agosti au mapema Septemba. Toka asubuhi sana, upepo haujapanda. Tafuta nahodha anayepunguza mwendo akiwa mbali, asiyefukuza mama mwenye mtoto ili upate picha. Na usidai kurudishiwa pesa usipowaona. Huu ni msimu uliokaribia kufutwa kabisa. Babu aliungoja karibu maisha yake yote.

Mimi mwaka huu nimeweka akiba ya kiti kimoja cha mashua.