Malazi ya Wawili: Kutoka Tembe la Kaze hadi Hoteli ya Stesheni

Mume na mke washukao katika garimoshi stesheni ya Tabora, wasiokuja kwa msiba wala kwa kesi wala kwa biashara, bali wamekuja kupumzika siku mbili wao wenyewe, hukabiliwa na swali dogo: walale wapi? Waweza kwenda kwa shangazi akaaye Kitete. Waweza kutafuta nyumba ya kulala wageni karibu na soko. Au waweza kuifuata Barabara ya Stesheni mpaka kwenye hoteli kongwe iliyojengwa zama za Wadachi, yaani Wajerumani. Kwa juu juu hili ni swali la mfuko tu. Walakini kwa mtu asomaye historia lina kina zaidi. Kwa muda mrefu kazi kubwa ya mji huu ilikuwa kuwalaza wasafiri, na hata hivyo uwezo wa watu wawili kukichagua chumba chao, wakakilipia, wakaufunga mlango kwa ridhaa yao wote wawili, ni jambo lililokuja juzi tu.

Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani. Waarabu wenyeji, akiwamo Snay bin Amir, waliwapokea, wakawapa nyumba ya kukaa, wakawaletea mbuzi na mchele. Bei ya chumba haikutajwa, kwa kuwa haikuwako. Mgeni wa Kaze alikuwa mgeni wa mtu, naye alikaa kwa heshima ya barua aliyokuja nayo, au ya kabila lake, au ya biashara iliyotarajiwa kwake. Mwenyeji wake ndiye aliyemtafutia wapagazi, akamkopesha nguo na shanga, akamweleza njia ipi ina vita na ipi ina njaa. Wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Katika miji ya misafara jembe hilo lilikuwa hesabu: fadhila za leo zililipwa kesho kwa pembe, kwa dhamana, au kwa neno zuri huko Unguja.

Nyumba yenyewe, yaani tembe, ilijengwa kwa fikira hiyo. Burton ameieleza vizuri. Mbele palikuwa na baraza ya udongo, ambapo wanaume walikaa wakati wa ubaridi wa asubuhi na wa jioni. Kisha ukumbi wenye mikeka. Kisha njia iliyopindwa makusudi, ili macho ya mgeni yasiweze kufika uani. Ndani kabisa palikuwa na ua wa mraba uliozungukwa na vyumba, na paa lilikuwa bapa, la miti na udongo. Kwa hiyo faragha ilikuwako, tena ililindwa kwa ufundi mwingi. Lakini yafaa kuuliza ilikuwa faragha ya nani. Yule pindo la njia lilimlinda mwenye nyumba dhidi ya mgeni. Halikumlinda mwanamke wa uani dhidi ya mwenye nyumba. Wengi katika wakazi wa ua huo walikuwa masuria na wajakazi walioletwa kutoka Manyema na nchi nyingine za magharibi. Mlango ulifungwa, lakini wao hawakuwa na ufunguo wala hawakuulizwa kama wanapenda kuingia.

Hata ndoa za heshima zilikuwa na mambo ya nchi ndani yake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu humjua kwa jina la Tippu Tip, ameeleza katika habari za maisha yake kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, akakaa Ituru karibu na Tabora kwa nguvu na fahari. Ndoa hiyo ilimfanya mfanyabiashara kuwa mkwe wa mtemi, na tembe lake likawa mahali pa siasa. Fundikira alipokufa, na Mnywa Sere aliyemrithi alipotaka kodi katika bidhaa za Waarabu, ugomvi uliofuata uligusa nyumba nzima ya watu hao. Kitabu cha Tippu Tip chatueleza aliyofanya baba na aliyofanya mwana. Karunde mwenyewe aliyaonaje maisha ya Ituru, hapo kitabu kiko kimya.

Nje ya matembe kulikuwa na wasafiri wengine, tena wengi kuliko wote, nao ni wapagazi wa Kinyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani pauni 70, na huo aliuchukua miezi mitatu au zaidi. Wengine walifuatana na wake zao, ambao walichukua vyungu, mikeka, unga, na mara nyingine mtoto mgongoni. Jioni msafara ulipotua walijenga vibanda vya matawi na nyasi. Kibanda hicho kilikuwa cha usiku mmoja, na upepo uliweza kukiondoa. Hata hivyo mtu akiyalinganisha malazi yote ya njia ile, huenda akaona kwamba mume na mke waliolala katika nyasi zao wenyewe, baada ya kupika katika chungu chao wenyewe, walikuwa karibu zaidi na wanandoa wa leo kuliko tajiri katika tembe lake. Walifika pamoja kwa kazi yao, na pahali pao palikuwa pao.

Kwihara, kusini-magharibi ya mji, tembe moja limebaki na sifa duniani. Henry Morton Stanley alikaa hapo mwaka 1871, wakati wa vita vya Mirambo, naye akarudi pamoja na Livingstone mwezi wa Februari 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki peke yake akingoja wapagazi watakaotumwa kutoka pwani, hata akaondoka tarehe 25 Agosti. Mke wake, Mary, alikuwa amekufa miaka kumi kabla, kando ya mto Zambezi. Nyumba hiyo siku hizi ni makumbusho, na watu wawili wakienda kuitazama hawana budi kukumbuka kuwa kwa mpangaji wake mashuhuri ilikuwa nyumba ya kungojea. Miaka michache baadaye, 1884 hadi 1885, Annie Hore, mke wa Edward Hore wa London Missionary Society, alichukuliwa katika kiti kutoka pwani mpaka Ujiji pamoja na mtoto wao mdogo. Safari yake, aliyoiandikia kitabu, yaonyesha kwamba raha kidogo ya mtu mmoja barabarani ilikaa juu ya mabega ya watu wengine.

Mambo yaligeuka kwa nguvu ya dola na ya chuma. Mwaka 1893 Mtemi Isike alishindwa na Wadachi, akajilipua kwa baruti ndani ya boma lake asikamatwe hai. Mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na mpagazi wa masafa marefu akapoteza kazi. Sasa abiria hakuhitaji barua ya kumjulisha kwa tajiri, alihitaji tikiti. Na mtu aliyeshuka na tikiti alihitaji nyumba ambayo haimuulizi ni mgeni wa nani. Ndiyo maana hoteli ilikaa njia ya stesheni, nayo ikajulikana miaka mingi kuwa ni Hoteli ya Reli. Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916, na Waingereza walipoupokea baadaye, hoteli za namna hii ziliendelea na desturi yao: yeyote mwenye fedha alipata chumba, mradi awe Mzungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, boi au dobi. Alitandika kitanda cha watu wawili ambacho yeye na mkewe hawangeruhusiwa kukilalia. Mlango wa mbele ulifunguka kwa wote baada ya Uhuru wa 1961.

Pamoja na hoteli hiyo zikaenea nyumba za kulala wageni, ambazo ndizo malazi ya wengi. Katika nyumba hizo mgeni hupewa daftari ajaze jina, kazi, mara nyingi na kabila lake, atokako na aendako. Maswali hayo ni yale yale yaliyoulizwa barazani Kaze. Tena jina la gesti lina fedheha kidogo katika vinywa vya watu, hata mume na mke wa halali huona haya kuonekana wakiingia humo mchana. Shangazi wa Kitete naye atauliza: Nyumba yangu ina kasoro gani? Swali lake si la ujinga. Katika sheria ya zamani, kulala kwa kulipa na hali una ndugu mjini ni kumkana ndugu. Lakini kwa shangazi mume atalazwa na vijana sebuleni, na mke atalala na wasichana, na wote wawili wataondoka wameshiba na hawajazungumza.

Basi wachague vipi? Yaliyopita yatoa kipimo. Wasiulize kwanza uzuri wa mapazia. Waulize mlango wafungwa na nani, na kama mmoja wao amekuja kwa kuburutwa. Chumba karibu na stesheni na soko kina faida yake, kwani waweza kutembea kwa miguu chini ya miembe, wakanunua asali, wakaenda Kwihara na kurudi kabla ya jua kuchwa. Wakilala Kitete, karibu na hospitali ya mkoa, wajue kwamba jirani wa chumba cha pili huenda amekuja kumuuguza mzazi, nao wapunguze sauti. Na siku ya pili, kabla ya kupanda garimoshi, waende kwa shangazi na asali mkononi, wale chakula chake cha mchana, wamweleze walikolala. Atanuna kidogo, kisha atawauliza chumba kilikuwa na dirisha upande gani.