Ulezi wa wazee Kiriri

Ulezi wa wazee ni kazi ya kumhudumia mzee asiyeweza tena kujimudu. Kiriri, mtaa wa mlimani mjini Bujumbura unaotazama Ziwa Tanganyika, kama kwingineko Burundi, kazi hiyo hufanyika hasa nyumbani, mikononi mwa jamaa na watumishi wa nyumbani, wengi wao wanawake. Huhesabiwa kuwa shughuli za kawaida za nyumba, ilhali ni kazi ya afya inayodai ujuzi: mzee aliyepooza kwa kiharusi hugeuzwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, asipate vidonda mgongoni na nyongani. Anayefanya hivyo peke yake hukosa usingizi, huumia kiuno na hupoteza kipato. Kwa hiyo, afya ya mlezi ni sehemu ya matibabu ya mzee.

Wapo wanaosema kwamba kumtunza mzazi ni wajibu wa ukoo, na msaada wa nje utaudhoofisha. Lakini wajibu haumwondolei mtu uchovu. Mlezi aliyefundishwa kumwinua mgonjwa na anayepokewa zamu huutimiza vizuri zaidi. Wengine hutaja uhaba wa fedha. Hata hivyo, msaada wa umma unawezekana: mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni za mzee. Mlezi naye anastahili mapumziko, mafunzo na ushauri nasaha.